Nani Kabla ya Nini? Kompyuta Isiyowaka na Hukumu ya Haraka

Kompyuta ya mezani ikigoma kuwaka mjini Uvira, au katika vijiji vya bonde la Ruzizi kama Nyakabere, hakuna anayeitisha kikao cha ukoo. Mwenye kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi hamtazami jirani yake kwa jicho baya, wala hafungi safari kwenda kwa mtabiri. Anamwita fundi, na fundi naye haanzi kwa kutaja jina la mtu. Anauliza maswali makavu. Jana ilizimika vipi? Umeme ulikatika ikiwa kazini? Feni inazunguka? Inatoa mlio, na milio mingapi? Lakini mtu huyo huyo, mtoto wake akishikwa na homa ya ghafla, au duka lake likifilisika wakati la jirani linastawi, mara nyingi swali la kwanza kumjia ni nani. Hatuwezi kusema kwamba mmoja ni msomi na mwingine mjinga, kwa kuwa maswali yote mawili hutoka katika kinywa kimoja, pengine wiki ile ile. Tofauti iko katika yale tunayojiruhusu. Mbele ya mashine tunajinyima hukumu mpaka sababu ionekane. Mbele ya msiba wa binadamu tunahukumu kwanza. Swali langu basi ni la dini kabla ya kuwa la ufundi: je, mtu amchaye Mungu ana haki ya kutangaza chanzo cha balaa ambacho hajakitafuta? Nadhani hana, na ushahidi wa kwanza naupata mezani kwa fundi.

Tuifuate mashine yenyewe. Kitufe kinapobonyezwa, kisanduku cha kugawia umeme hupokea volti 220 za ukutani na kuzishusha kuwa volti 12, 5 na 3.3. Hakiruhusu kazi ianze papo hapo. Husubiri umeme utulie, kisha hutuma ishara kwenye madabodi kwamba mambo ni salama. Ndipo prosesa huamka na kusoma maagizo yaliyohifadhiwa katika chipu ndogo, yale yanayojulikana kwa jina la BIOS au, katika mashine za siku hizi, UEFI. Kazi ya kwanza ya maagizo hayo ni kukagua: RAM ipo? Kadi ya skrini ipo? Kibodi je? Kasoro ikionekana kabla skrini haijaweza kuonyesha kitu, mashine hulia, na maana ya mlio hutegemea aliyeitengeneza BIOS ile, hivyo mlio mmoja mrefu na miwili mifupi unaoashiria kadi ya skrini katika mashine moja unaweza kuwa na maana nyingine kabisa katika mashine ya pili. Ukaguzi ukipita hutafutwa diski, na ndani ya diski programu fupi ya kuuamsha mfumo mzima. Kwa hiyo mteja anayesema tu kwamba kompyuta haiwaki bado hajasema kitu. Iliyo kimya kabisa, bila taa wala feni, haina ugonjwa mmoja na ile ambayo feni zake zinazunguka huku skrini ikibaki nyeusi. Na hiyo nayo si sawa na ile inayoonyesha nembo, ikajizima, ikaanza tena bila kikomo. Hata tarehe ina la kusema: mashine inayorudi kwenye mwaka wa zamani kila ikichomolewa ukutani inalalamikia betri yake ndogo ya duara ya volti 3, wala haijarogwa na virusi.

Mbele ya mnyororo huo fundi hodari hupunguza. Hung'oa kila kisichohitajika, diski, printa, kadi za ziada, akabaki na kisanduku cha umeme, madabodi, prosesa na kipande kimoja cha RAM, kisha hurudisha kimoja kimoja. Habadilishi vitu viwili kwa mpigo, kwa sababu mashine ikiwaka baada ya hapo atakuwa amepata pesa yake lakini hajapata sababu. Kifaa anachokishuku hukipima kwa kifaa anachokijua kuwa kizima. Mwanafalsafa John Stuart Mill aliyaandika haya mwaka 1843 katika kitabu chake cha mantiki: linganisha hali mbili zinazofanana katika kila jambo isipokuwa moja, na hilo moja ndilo la kulihoji. Fundi wa mitaa ya Uvira kama Kalundu au Kavimvira hahitaji kumsoma Mill ili aifuate njia hiyo. Mashine yenyewe humfundisha, tena kwa hasara. Kinachonigusa zaidi ya werevu wa mbinu ni nidhamu ya nafsi iliyomo. Dhana aliyokuja nayo asubuhi, tuseme kwamba diski imekufa, fundi huiweka mahali inapoweza kushindwa, na ikishindwa huiacha bila kuona haya. Tena mara nyingi hugundua kwamba hakuna kifaa kibovu hata kimoja. RAM ni nzima, madabodi ni nzima, ila kati yao pana uchafu mwembamba. Anayasugua meno ya RAM kwa kifutio cha penseli, anairudisha, mashine inawaka. Hapo hakuna mkosaji, pana maungio yaliyolegea tu. Aliyezoea kutafuta mwenye hatia atalipokea kwa shida jibu la namna hiyo, ingawa ziko familia ambazo zingepona laiti zingelikubali.

Sababu haiishii ndani ya sanduku. Umeme wa Uvira hutoka katika mto Ruzizi: bwawa la kwanza, Ruzizi I, lilianza kazi mwaka 1959, na Ruzizi II, linaloendeshwa na shirika la SINELAC kwa niaba ya Kongo, Rwanda na Burundi, mwaka 1989. Umeme ukikatika ghafla, diski inaweza kuachwa katikati ya kuandika na mafaili yakaharibika. Ukirudi kwa kishindo, volti hupanda na kuchoma kisanduku cha umeme au kuzivimbisha kapasita. Anayeuliza kwa nini mashine imekufa leo, wakati jana ilikuwa nzima, anaongozwa hatua kwa hatua kutoka kwenye meza hadi kwenye waya, kutoka kwenye waya hadi kwenye mtambo. Mji huu una mfano mkubwa zaidi wa mwendo huo. Kipindupindu kimeukalia Uvira kwa miongo mingi, na kila mlipuko huja na uvumi wake. Mwaka 2015 watafiti walichapisha uchunguzi uliolinganisha, siku kwa siku tangu 2009 hadi 2014, wagonjwa waliopokelewa katika kituo cha kutibu kipindupindu mjini na maji yaliyotoka katika mtambo wa kusafishia. Waliona kwamba siku maji ya bomba yakikosekana kabisa, idadi ya wagonjwa hupanda sana katika siku 12 zinazofuata, na wakakadiria kuwa karibu robo ya wagonjwa wote walitokana na kukatika kwa maji. Pampu za maji nazo huhitaji umeme. Njia ni ile ile ya fundi: tafuta kinachobadilika pamoja na ugonjwa, kiangalie peke yake, subiri uone. Hakuna mwanamke mzee aliyehitajika kushtakiwa uchawi ili kulipata jibu hilo.

Msomaji wa falsafa atanizuia hapa, na ana haki. Atasema kwamba haya yote yanaeleza jinsi balaa inavyotokea, hayaelezi kwa nini impate huyu na si yule. Hoja hiyo ina jina na mahali. Mwaka 1937 mwanaanthropolojia Evans-Pritchard alichapisha kitabu chake juu ya Azande, watu wanaoishi kaskazini-mashariki mwa Kongo na ng'ambo ya mipaka yake, na humo akaeleza habari ya ghala linaloanguka juu ya watu waliojikinga jua chini yake. Azande walijua fika kwamba mchwa walikuwa wamekula nguzo. Walijua pia kwamba watu hukaa chini ya ghala kwa ajili ya kivuli. Walichouliza ni kwa nini mambo hayo mawili yakutane saa ile, juu ya vichwa vile, na jibu lao lilikuwa uchawi. Wengi tangu hapo wamesema kwamba Mwafrika anauliza swali ambalo sayansi imelikwepa. Nakubali kwamba swali ni la kweli, na anayemcheka mfiwa kwa kuliuliza hajui kufiwa ni nini. Ila kukubali swali hakunilazimishi kukubali jibu la kwanza linalopita mlangoni. Tena wanaomtaja Mzande kama ngao husahau sehemu ya habari yake. Ramli ya sumu aliyopewa kuku, ambayo Azande waliiamini kuliko ushahidi mwingine wowote, haikutosha mara moja: ililazimu kuku wa pili, swali likiwa limegeuzwa, hivi kwamba kama wa kwanza alikufa ili kuthibitisha, wa pili alipaswa kupona. Majibu yasipolingana, hukumu haikutolewa. Siiamini sumu ile. Lakini naona aibu kwamba mabaraza yetu ya maombi, yenye vipaza sauti na kibodi za muziki, wakati mwingine humtaja mchawi kwa uangalifu mdogo kuliko aliokuwa nao Mzande wa miaka ya 1920.

Maandiko tunayoyashika mkononi hayako upande wa haraka pia. Kitabu cha Ayubu, karibu chote, ni habari ya wataalamu watatu waliofika mbele ya msiba na jibu mfukoni. Elifazi, Bildadi na Sofari hawakumwuliza Ayubu swali la kutaka kujua. Walijua tayari kwamba anayeteseka amekosa, wakabaki kutafuta kosa. Mwishoni Mungu anawakasirikia wao, na Ayubu aliyelalamika ndiye anayepewa haki. Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu na mara moja wanataka kujua mkosaji ni yeye au wazazi wake. Yesu anayakataa majibu yote mawili, kisha anashughulika na macho. Torati inakataza mtu kuuawa kwa neno la shahidi mmoja. Kwa ndugu zetu Waislamu, walioko ukanda huu wa ziwa Tanganyika tangu enzi za misafara, Sura ya 49 ya Kurani, al-Hujurat, inawaamuru waumini kuihakiki habari iletwayo na mtu mwovu wasije wakawadhuru watu kwa kutojua, na aya chache baadaye inaonya dhidi ya dhana mbaya. Sidai kwamba vitabu hivi viliandikwa ili kufundisha kutengeneza mashine. Nadai kwamba vinaihesabu dhana isiyopimwa kuwa dhambi juu ya mwenzako, hata pale mwenye dhana anapolia kwa uchungu wa kweli.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka kwingine. Pierre Duhem, mwanafizikia wa Ufaransa na Mkatoliki mwenye msimamo, aliandika mwaka 1906 kwamba jaribio haliwezi kamwe kuhukumu dhana moja pweke. Daima linahukumu kundi zima, na likishindwa halisemi ni ipi iliyo mbovu. Akatofautisha mtengeneza saa na daktari. Wa kwanza huifungua saa na kutazama gurudumu moja moja. Wa pili hawezi kumchana mgonjwa, hukisia ugonjwa kutoka katika dalili za mwili mzima. Basi, mtu aniambie, binadamu hafunguliwi kwa bisibisi, na huwezi kumbadilishia mtoto moyo kwa moyo unaoujua kuwa mzima ili uone kama homa itaondoka. Ni kweli. Hata fundi wa kompyuta yuko karibu na daktari wa Duhem kuliko inavyodhaniwa: RAM aliyokuja nayo kama kipimo inaweza kuwa imekufa njiani, mita yake inaweza kudanganya, na mara nyingine mashine huwaka bila yeye kujua alichokiponya. Fundi mwaminifu husema wazi, imewaka lakini sijui kwa nini, nirudishie ikisumbua tena. Sasa tazama pingamizi linatupeleka wapi. Kama hata mbele ya mashine inayofunguka tunakosea, mbele ya mwili usiofunguka, na moyo usioonekana, tunapaswa kuongeza uangalifu mara nyingi zaidi. Sisi hufanya kinyume. Jinsi kitu kilivyo kigumu kuchunguzwa ndivyo tunavyozidi kuwa na uhakika juu yake.

Nisieleweke vibaya kwamba namfukuza kila anayetaja mkono wa mtu. Wakati mwingine jibu ni nani kweli. Mashine inaweza kukataa kuwaka kwa sababu mfanyakazi ameichomoa RAM usiku na kuiuza. Tunalijuaje hilo? Kwa kufungua sanduku na kuona nafasi iko tupu. Mtu anatajwa mwishoni, baada ya vumbi, betri na waya kuondolewa katika orodha, na anatajwa kwa kitu kinachoweza kuonyeshwa kwa wengine. Hata anayeamini kwamba roho waovu hufanya kazi, na sina nia ya kubishana naye hapa, hapati kutoka katika imani hiyo ruhusa ya kusema roho fulani yuko ndani ya bibi fulani wa nyumba ya tatu. Kati ya kuamini kwamba wezi wapo na kumkamata jirani kwa wizi pana kazi nzima ya upelelezi, na kazi hiyo hakuna mahubiri yanayoweza kuifanya kwa niaba yetu.

Wapo pia wanaofunga uchunguzi kwa upole zaidi, kwa kusema ni mapenzi ya Mungu. Neno hilo lina mahali pake kaburini, na sitamnyima mfiwa. Likitamkwa mapema mno linakuwa pazia. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mvua kubwa ilijaza mito inayoshuka milimani, Mulongwe ukafurika, makumi ya watu wakafa Uvira na maelfu ya nyumba zikaharibiwa. Mvua haina wa kushtakiwa. Lakini vilima juu ya mji vimevuliwa miti kwa kuni, makaa na mashamba, nyumba zimejengwa hadi ukingoni mwa mito, na viwanja hivyo havikujigawa vyenyewe. Anayesema ni Mungu, akanyamaza, amemsingizia Mungu na kuwaficha waliogawa viwanja. Hivyo kosa ni lile lile kwa sura mbili: mmoja anamtupia lawama kikongwe asiyehusika, mwingine anamtupia Mwenyezi, na wote wawili wanaepuka kazi ya kufuata waya mpaka mwisho.

Gharama ya kosa hilo katika jimbo letu inahesabika kwa maiti. Mwezi wa Septemba 2021 wanawake wazee wasiopungua wanane waliuawa na makundi ya watu katika Kabare, Kalehe na Walungu, hapa hapa Kivu ya Kusini, wengine wakichomwa moto, baada ya kushtakiwa uchawi. Nyuma ya mashtaka mengi walikuwapo wanawake watabiri wanaoitwa bajakazi, ambao hudai kumtambua mchawi kwa maono. Anayemtambua mchawi kwa maono hana haja ya kuuliza mgonjwa alikunywa maji gani, homa ilianza lini, au kituo cha afya kilisema nini. Ombi langu kwa wachungaji, maimamu na wazee wa mitaa, kutoka Uvira mjini hadi Nyakabere, ni dogo na linatekelezeka: mtu akisimama mbele yenu kumtaja mwenzake kuwa chanzo cha ugonjwa au kifo, mwulizeni kwanza amejaribu nini, ameondoa nini katika orodha, na nini kingemwonyesha kwamba amekosea. Akikosa jibu, mkatazeni kuendelea, palepale, mbele ya watu. Sheria iko upande wenu: kifungu cha 74 cha Kanuni ya Adhabu ya Kongo kinamwadhibu anayemsingizia mtu hadharani, kwa nia mbaya, tendo la kumvunjia heshima.